Wimbo wa kando: hili neno parodi na mambo yetu ya kuigizana

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tano, anachukua HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na kila akikwama kwenye fasihi anakumbuka kwamba ana mama mdogo mwenye steshenari hapa Tabora mjini, basi meseji inaingia, "Shikamoo mama mdogo, eti parodi kwa Kiswahili ni nini?" Nikamjibu marahaba, subiri nimalize kumtolea mteja kopi. Lakini swali likaniganda, maana hapa kwangu zinapita noti za wanafunzi kila siku za Mungu, na kwenye noti hizohizo nimeshaona parodi ikiitwa dhihaka, nyingine inasema kejeli, nyingine tashtiti, kuna iliyoandika "uigaji wa kubeza" alafu ikaachia hapo. Wote wanagusa kitu cha kweli ila hakuna aliyekishika chote.

Angalia haya maneno tuliyonayo. Dhihaka imetoka kwenye Kiarabu, mzizi wake ni kucheka. Mzaha nao ni Kiarabu, ni kutaniana tu. Stihizai, ambayo wanaohudhuria mawaidha wameisikia sana, ni kufanya jambo la mtu kuwa kichekesho. Yote haya yanakwambia kuna kicheko na kuna wa kuchekwa, lakini hayakwambii huyo anayecheka anafanya nini. Naweza kukudhihaki kwa kusonya tu. Parodi haifanyiki kwa kusonya, lazima uingie ndani ya kitu cha mwenzio, uchukue mwendo wake, sauti yake, vina vyake, alafu uvitumie kumchekea.

Na Wagiriki walioliunda neno waliliundia wimbo hasa. Vipande ni viwili, para ambayo ni kando ya, au upande wa pili, hata kupingana na, na ode ambayo ni wimbo. Kwahiyo parodi ni wimbo wa kando, wimbo unaoimbwa ubavuni mwa wimbo mwingine. Mi hiyo "kando" naipenda kuliko "dhidi", maana anayeimba kando yako hajakuziba mdomo, we unaendelea na wako na yeye anaendelea na wake, na msikilizaji anazisikia zote mbili kwa mpigo. Asiposikia ule wa kwanza, ule wa pili kwake ni kelele tu.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, kwenye maandishi yake kuhusu ushairi anamtaja Hegemon wa Thasos kuwa ndo wa kwanza kutunga parodi. Huyu bwana watu walimbatiza jina la utani, Dengu, yani dengu hizihizi za kwenye sufuria, na kazi yake ilikuwa kuchukua lugha nzito ya tenzi za vita za Homer na kuisemea mambo ya kipuuzi. Kuna kisa kinasimuliwa kwamba mwaka 413 KK alikuwa jukwaani Athens anawavunja watu mbavu, ikaingia habari kwamba jeshi lao limeangamia kule Sicily. Eti hakuna aliyeinuka. Walijifunika vichwa wakalia palepale walipokaa, wageni wasiwaone machozi. Mtu wa Ulaya akisoma hicho kisa sijui anafikiria nini, ila mtu wa huku aliyewahi kukaa msiba wenye watani haoni ajabu, tutafika huko.

Kuna na ule utenzi wa vita vya vyura na panya, nao wa Kigiriki, ambao zamani watu walidhani katunga Homer mwenyewe kujichekesha. Panya kaja kunywa maji bwawani, mfalme wa vyura akamkaribisha kwake, panda mgongoni nikuvushe, katikati ya maji likatokea joka, chura kwa woga akazama, akasahau ana abiria. Panya akafa maji. Basi vita ikatangazwa, wakavaa zana zao na kujipanga kama majemedari wa Troy, miungu huko juu ikaitana kikao kujadili nani amsaidie nani, na mwisho panya walipokaribia kushinda Zeus, mkuu wa miungu, akaleta kaa, wakawakata panya mikia na miguu na vita ikaisha siku hiyohiyo. Utamu wote uko kwenye kwamba mtunzi hacheki. Anatumia bahari ileile ya vita vikubwa, sifa zilezile, majina marefumarefu, kwa ajili ya panya.

Ili binti anielewe ikabidi nimtungie cha kwetu, mizani nane, vina kama vya tenzi tulizofundishwa shule:

Kwa Mola wangu naanza
kisa hiki kuwafunza
panya shujaa wa kwanza
ghalani alivyongia

Upanga wake kijiti
akapaaza sauti
hana hofu na mauti
gunia kulivamia

Si kazi ya kupeleka kwenye mashindano, najua, lakini kanijibu kwa emoji za kucheka nusu ukurasa, na kacheka kwa sababu shuleni kakaririshwa tenzi, anajua zinavyoanza kwa kumtaja Mungu, anajua shujaa anavyosifiwa, anajua ile "a" ya mwisho inavyorudi kila ubeti kama adhana. Nikamsomea mdogo wake wa darasa la tatu, akaniuliza panya alikula mahindi mangapi. Huyo hana wimbo wa kwanza kichwani, wa kando utamfikiaje?

Hapo ndo ninapotofautiana na wale wa "kubeza". Kopi inayotoka kwenye mashine yangu haihitaji mashine ijue imeandikwa nini, inapiga picha tu hadi doa la chai. Lakini mtu wa kukuigiza mpaka watu waanguke lazima awe amekusikiliza kuliko mkeo. Kuna vijana hukaa nje ya duka langu wakisubiri zamu ya kuchapiwa CV, siku moja umeme umekatika nikamsikia mmoja nje anasema kwa sauti yangu, "Subiriniii kidogo, ndo unarudi huo", na ile "huo" kaivuta na kuishusha mwishoni, alafu akagonga kalamu mezani mara mbili. Mi sijawahi kujua kama nagonga kalamu. Wenzake walikuwa hoi. Nikatoka, wakanyamaza kama wamemwagiwa maji, na mi nikajikuta nasema "subirini kidogo" kwa namna ileile, ndo ikawa balaa zaidi.

Tena cheki kwenye lugha zetu. Jirani yangu ni Muha wa Kasulu, kwao ukisema kwiga maana yake kujifunza, kusoma, mtoto yuko shule anakwiga, na Warundi ng'ambo ya mpaka wanasema hivyohivyo. Sisi kwenye Kiswahili kuiga ni kufuatisha afanyavyo mwingine, na mara nyingi tunalisema kwa dharau, "acha kuiga mambo ya watu". Mzizi mmoja, huku shule huku dharau. Ukilinyoosha kidogo linakuwa kuigiza, tukapata michezo ya kuigiza na waigizaji, na mtaani ukisema "fulani kaniigiza" kila mtu anaelewa umechezewa wewe mbele za watu, sio umepewa heshima ya Bongo movie. Kwahiyo neno la parodi tunalo siku nyingi, tunalitumia kila siku, ila kwa vile halijaandikwa kwa wino mzito kwenye noti tunaliona la uswahilini.

Mfano mzuri ni mchekeshaji Steve Nyerere. Jina hilo kalipata kwa kuigiza sauti ya Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe kasoma hapahapa Tabora kuanzia 1937, kwahiyo huku tunajiona tuna hisa kidogo, haha. Wanaomwigiza Mwalimu ni wengi lakini sikiliza tofauti. Mwanafunzi anayeanza anachukua ule ukali na mkwaruzo wa sauti basi. Fundi anachukua pumziko, lile la kusema jambo alafu kukaa kimya, kutazama watu, ndipo kile kicheko chembamba kinachomponyoka kabla hajamaliza hoja. Ukilikosa pumziko unabaki na mzee anayefoka. Na ajabu ni kwamba watu wanacheka na wakati huohuo wanamkumbuka kwa mapenzi, ndo nilichokuwa nasema kuhusu nyimbo mbili kwa mpigo.

Mahakama Kuu ya Marekani nayo ilishaingia kwenye hii habari, mwaka 1994, kundi la rap la 2 Live Crew lilichukua wimbo wa Roy Orbison wakaugeuza kihuni, wenye hakimiliki wakashtaki. Majaji wakasema parodi inaweza kuhesabika matumizi halali hata kama inauzwa, kwa sababu haiwezi kumchekea mtu bila kumchukua kidogo, na kwenye hukumu yenyewe wakarudi kwenye Kigiriki kilekile, wimbo ulioimbwa kando ya mwingine. Uingereza waliiweka kwenye sheria yao 2014. Nawatajia hayo haraka tu, mambo ya mahakama yanachosha, ila nimefurahi kwamba majaji wazima wameshika kamusi kwa ajili ya rap.

Sasa msiba. Huku Unyamwezini utani ni kitu cha watu wazima, una haki zake na mipaka yake. Wengi wanauunganisha utani wa Wanyamwezi na Wazaramo na zama za misafara, wapagazi wetu wanashuka pwani na pembe za ndovu, wanapita nchi za watu, wanagombana, wanapatana, wanazikana njiani, mpaka inafika mahali matusi yanakuwa ndo salamu. Kuna mtaalamu mmoja Mwingereza, R. E. Moreau, alikuwa Amani kule Usambara na anajulikana hasa kwa utafiti wa ndege, lakini 1944 alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika. Mtu wa ndege! Mi naona inaleta maana, aliyezoea kukaa kimya kusikiliza nani anamwitikia nani lazima angeusikia utani.

Nilichokiona kwa macho ni hiki. Alifariki mzee mmoja huku Isevya, mstaafu wa reli, mzee wa kanzu nyeupe na redio, redio haikutoka kwapani. Mtani wake alikuwa Mzaramo, mstaafu mwenzake aliyekuja kikazi enzi hizo akaoa na kubaki. Watu wamekaa kwenye mikeka chini ya mwembe, kina mama ndani wanalia, mara mlango wa uani ukafunguka akatoka marehemu. Yani kanzu ileile, kofia imeinamia jicho la kushoto vilevile, redio kwapani, mkono wa kulia unapapasa mfukoni kama anatafuta miwani ambayo iko puani. Akasimama akakohoa kile kikohozi cha marehemu, viwili vifupi kimoja kirefu. Akatutazama, "Nyie mmekuja kula pilau yangu tu, deni langu hakuna aliyelileta." Akamwendea mtu mmoja kweli mwenye deni, wote tulijua, akamnyooshea kiganja. Yule bwana anacheka huku anatoa elfu tano, na machozi yanamtoka. Ndani mjane alisikia kile kikohozi akanyamaza, alafu nikamsikia anacheka kabla ya kulia upya.

Kilio cha pili kilikuwa tofauti na cha kwanza, sijui nikieleze vipi, cha kwanza kilikuwa cha mshtuko na hiki kilikuwa cha kumlilia yule mtu hasa, mwenye kikohozi kile. Na hakuna mwingine angeweza kufanya vile. Mimi ningevaa kanzu ya marehemu ningefukuzwa, mtoto wake angevaa watu wangesema kachanganyikiwa. Mtani anayo ruhusa, na hata zile pesa anazochukua ni haki yake, ukimnyima analala kaburini na hatoki mpaka umlipe. Wagiriki wale wa Dengu walijifunika vichwa ili wageni wasiwaone, sisi tunaye mtu maalum wa kutufunua.

Kuna sehemu nyingine ambapo hii hadithi inakuwa ngumu kidogo nayo ni beni. Vijana hawaijui, bibi zetu waliicheza. Ni ngoma iliyoanzia pwani, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, jina ni bendi tu ya Kizungu ikapewa irabu, na vita vya kwanza vya dunia vilipochanganya maaskari na wapagazi wa kila pembe ikatapakaa bara. Watu walipanga mistari kama gwaride, sare zimepigwa pasi, ngoma kubwa, matarumbeta kwa wenye uwezo, na vyeo sasa, kuna Kingi, kuna Kaizari, yani mfalme wa Wajerumani, kuna majenerali, na makundi yenyewe, Marini wa upande mmoja na Arinoti wa upande mwingine wanashindana nani mtanashati zaidi. Mwanahistoria Terence Ranger kaandika kitabu kizima juu ya beni, 1975. Maofisa wa Kiingereza waliiangalia wakapata wasiwasi, hawa wanatucheka au wanatuiga, na huu mtandao wao wa mji hadi mji una nini ndani?

Mi nadhani swali lao ndo lilikuwa na kasoro, "wanatucheka au wanatuiga", kana kwamba lazima uchague. Mtu anayeamka usiku kupiga pasi suruali nyeupe kwa mkaa ili kesho aitwe Jenerali mbele ya shemeji zake anaipenda ile suruali kweli, hafanyi mchezo. Lakini Kaizari mweusi aliyechaguliwa na wenzake, anayetembea kwa maringo barabara ileile aliyopita afisa wa Kijerumani kabla Wabelgiji hawajauteka mji huu Septemba 1916, anakuonyesha kwamba ukaizari ni koti na mwendo, ukipata koti na mwendo unao. Hilo linamkera mtawala kuliko tusi. Tusi angeweza kulipiga faini.

Ila sio kila wimbo wa kando nauonea huruma. Kumwigiza mwenye kigugumizi mbele yake, au mlemavu anavyotembea, huko hakuna sanaa yoyote, aliyefanya hivyo hajasikiliza chochote, kachukua jambo moja ambalo hata kipofu angeliona. Na kwenye kapu hilohilo mi natia hizi klipu za vichekesho zenye "Mnyamwezi" au "Msukuma" ndani, maana kwao sisi ni kitu kimoja. Utamjua tu, kavaa shuka, kabeba fimbo, ni mlinzi au houseboi, na kila penye "r" anaweka "l", "kula yangu nitampa laisi", basi kamaliza kazi, watu wa Dar wanacheka. Sina shida na kuigizwa jamani, nimeshasema hata kalamu yangu imeigizwa. Shida yangu ni uvivu. Hiyo r na l ni ule mkwaruzo wa sauti tu, pumziko la Mwalimu wamelikosa.

Mzee wa huku akiingia dukani kwangu haanzi na shida yake. "Mwangaluka", naitika mwangaluka, kimya kidogo, anaangalia dari, ananiuliza nyumbani, watoto, mvua, karanga zimetokaje mwaka huu, nyuki vipi, na kila jibu analipokea kwa mlio wa kooni, mhm ya kupanda, mhm ya kushuka, kuna mhm ya "sikuamini" na kuna mhm ya "pole", ni nne au tano na kila moja ina maana yake. Foleni nyuma yake inasonya. Alafu ndipo anatoa karatasi iliyokunjwa mara nane kwenye kofia, ni barua ya serikali ya kijiji, anataka kopi moja. Namtolea, anailinganisha na ile ya mwanzo mstari kwa mstari, na hajui kusoma, ila anazishika zote mbili kwenye mwanga mpaka aridhike, alafu "wabeja", asante ya huku, anaondoka bila haraka. Mchekeshaji atakayeziweza hizo mhm zote, kwa mpangilio, bila kubadilisha "r" hata moja, ruksa anichekeshe mimi na ukoo wangu wote, na elfu tano nampa.